Moyo Uliobaki Chitambo

Oktoba 1873 msafara uliochoka uliingia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ukitokea upande wa Ziwa Bangweulu, umebeba maiti isiyo na moyo. Marehemu alikuwa David Livingstone, na wenyeji wa huko walimfahamu. Alikuwa amekaa kwao Kwihara, katika tembe, akingoja watu na vitu kutoka pwani, na aliondoka kwa miguu yake mwenyewe Agosti 1872. Nchi ilikuwa chini ya mtemi Mkasiwa, na vita na Mirambo wa Urambo vilikuwa vimeifanya njia ya misafara kuwa ya mashaka. Itetemia, kitovu cha utemi wa kina Fundikira, ilikuwa imekwisha kuona kila aina ya mzigo: pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo na shanga zikipanda bara, watumwa wakiswagwa kwa minyororo. Mzungu aliyekaushwa kwa jua na kufungwa kwa magome ya mti ulikuwa mzigo mpya.

Moyo wake ulibaki katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi inayoitwa Zambia leo. Asubuhi ya tarehe 1 Mei 1873 watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Wawili kati yao, Susi na Chuma, wakaamua kumrudisha kwao, na kwa safari ya miezi mingi katika joto, kilichomo ndani ya mwili hakingeweza kusafiri. Kazi ya kupasua alipewa Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari huko Unguja na huenda aliona mengi pale. Alichana tumbo, akatoa matumbo na moyo. Waliokuwepo waliona mapafu yamekauka, na upande wa kushoto bonge la damu lenye ukubwa wa kiganja. Viungo hivyo vikawekwa katika kopo la bati lililokuwa la unga na kuzikwa chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana Myao aliyesoma shule ya misheni, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome.

Walipofika Kwihara na maiti, walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Huko Kasekera, watu waliposema maiti haipiti kwao, wapagazi walifanya hila: walifunga mabua ya mtama kama maiti, wakawatuma wenzao waurudishe mzigo huo Unyanyembe mbele ya macho ya watu, na maiti yenyewe wakaifunga upya ikaonekana robota la nguo. Februari 1874 waliifikisha Bagamoyo. London, daktari wa upasuaji Sir William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma na haukuunga sawasawa. Ili auone, ilimbidi aupasue mkono.

Kisu kilianza Chitambo na kisu kikamaliza London. Katika zama zile, kwa Farijala na kwa bingwa wa Uingereza vilevile, njia ya kukiona kilichomo kifuani ilikuwa moja, nayo ilipitia kwenye maiti. Lakini moyo wa maiti hausemi jambo kubwa kuliko yote: ulikuwa ukienda vipi.

Kuona mwendo

Tatizo hilo lilikuwa la zamani. William Harvey, aliyechapisha kitabu chake juu ya mwendo wa moyo mwaka 1628, alikiri kwamba alipoanza kupasua wanyama walio hai, mapigo yalikuwa ya haraka kiasi cha kumfanya adhani ni Mungu peke yake awezaye kuyafahamu. Alisaidiwa na vyura, nyoka na samaki, ambao mioyo yao huenda polepole, na wanyama waliokuwa wakikata roho. Kabla yake, katika karne ya 13, Ibn al-Nafis alikuwa amekwisha kueleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda upande wa kushoto kwa kupitia mapafu. Wote wawili walilazimika kufikiri kutoka kwenye kilichokufa, au kinachokufa, kwenda kwenye kilicho hai.

Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei huko Würzburg, na kwa mara ya kwanza kivuli cha moyo wa mtu aliye hai kikaonekana bila damu kumwagika. Miaka michache baadaye Willem Einthoven wa Leiden akapata njia ya kuandika umeme wa moyo kwenye karatasi. Kivuli kilionyesha ukubwa, mistari ya umeme ilionyesha mdundo. Ukuta wa moyo wenyewe, na jinsi unavyojikunja, ulibaki umefichika.

Kwamba ukuta huo ndio wenye siri kulithibitika mwaka 1935. Robert Tennant na Carl Wiggers, wakifanya majaribio na mbwa huko Marekani, walifunga mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo. Katika muda wa dakika moja hivi, kipande kilichonyimwa damu kiliacha kujikunja. Wenzake walipobana, chenyewe kilivimba kuelekea nje. Kwa hiyo mwendo mbaya wa sehemu moja ya ukuta huja mapema sana, na unaweza kuonyesha mshipa gani umeziba. Elimu hiyo ilikuwa sahihi, lakini haikuwa na jicho. Kifua cha mgonjwa hakifunguliwi kama cha mbwa wa maabara.

Mulago, 1948

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa chumba cha maiti. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwanapatholojia J. N. P. Davies wa Makerere alikuwa akikuta mioyo ambayo vitabu vya Ulaya havikuielezea. Ndani ya vyumba vya chini, hasa kwenye ncha, palikuwa na kovu jeupe, nene na gumu, lililotanda hadi kuzishika kamba zinazozuia valvu. Mwaka 1948 aliandika habari zake katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, na ugonjwa huo ukajulikana duniani. Miongoni mwa wagonjwa walionekana kwa wingi wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi waliokwenda Buganda kutafuta kazi. Chanzo chake hakijajulikana mpaka leo.

Ukiutazama kwa hesabu za mwendo, ugonjwa huu una hila yake. Moyo unaweza kubana kwa nguvu karibu na za kawaida. Kasoro iko kwenye kupumzika, kwa kuwa ukuta wenye kovu hautanuki kupokea damu. Damu inarudi nyuma, tumbo linajaa maji, na mgonjwa anaonekana wa ini. Davies aliweza kuliona kovu baada ya mtu kufa. Aliyekuwa wodini, akihema kwa shida, hakuwa na kipimo cha kumtofautisha na wengine.

Mashine ya karakana ya meli

Jicho lililohitajika lilipatikana Sweden, mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Inge Edler, daktari wa moyo wa hospitali ya Lund, alikuwa na shida ya kila siku: vijana wenye valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Upasuaji wa kuifungua valvu ulikuwa umeanza, lakini alihitaji kujua kabla ya kupasua ni nani valvu yake imebana na ni nani inavuja. Akamfuata mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz. Hertz alijua kwamba karakana ya meli ya Kockums huko Malmö ilikuwa na mashine ya kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Aliiazima kwa siku chache za mwisho wa wiki, akaiweka kifuani pake mwenyewe, na kwenye kioo akaona mwangwi unaosogea na kurudi kwa kufuata mapigo yake. Tarehe 29 Oktoba 1953 walirekodi kwa mara ya kwanza mwendo wa moyo kwa sauti.

Mwangwi ulikuwepo, ila haukujulikana ni wa nini. Edler mwanzoni alidhani ni wa ukuta wa chumba cha juu cha kushoto. Ili apate uhakika, alichukua alama za mwelekeo wa sauti kwa wagonjwa waliokuwa wakifariki, na baada ya kifo akapitisha chuma chembamba katika njia ile ile kuona kinagonga nini. Kilikuwa kinagonga valvu yenyewe. Hata kipimo kilichokuja kukiondoa kisu kilihitaji ushahidi wa kisu ili kiaminike.

Kanuni yake haijabadilika. Kifaa kinatuma mawimbi ya mamilioni ya mitikisiko kwa sekunde, yanayosafiri mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kila sekunde. Yanapokuta mpaka kati ya damu na nyama, sehemu yake inarudi. Muda wa kurudi unaeleza umbali, na umbali ukipimwa tena na tena, mara makumi kadhaa katika sekunde moja, unakuwa mwendo. Baadaye ikaongezwa elimu iliyoanzia kwa Christian Doppler mwaka 1842, ya sauti inayobadilika kwa kadiri kitu kinavyokuja au kinavyokwenda, na damu inayorudi nyuma kwenye valvu mbovu ikaonekana kwa rangi.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa Tabora hapaswi kulipita haraka. Kipimo hiki cha mwangwi, kiitwacho eko, kilizaliwa kwa ajili ya valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Ugonjwa huo huanza na mafindofindo yasiyotibiwa, kwa watoto wanaolala wengi chumba kimoja. Ulaya ilipopata nyumba bora na penisilini, uliwatoka. Mashine ikapewa kazi nyingine, hasa mioyo ya wazee wenye mishipa iliyoziba. Ugonjwa wenyewe ukabaki huku.

Saa nane za usiku

Wakati Edler akipambana na mwangwi, wengine waliushika moyo kwa hesabu. Denis Noble, mwanafunzi wa utafiti London, alitaka kujua kama milinganyo inayoeleza umeme wa neva ingeweza kueleza pia umeme wa chembe ya moyo. Alihitaji kompyuta, na iliyokuwepo, Ferranti Mercury, ilikuwa imewahiwa na wakubwa mchana kutwa. Alipewa saa nane hadi saa kumi za usiku. Mwaka 1960 alichapisha matokeo: chembe ya moyo iliyotengenezwa kwa namba tupu ilidunda yenyewe kwa mdundo, bila mtu kuigusa. Kutokana na chembe moja, wengine walijenga moyo mzima. Huko Auckland, New Zealand, Peter Hunter na wenzake waliugawa ukuta wa moyo katika vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na mwelekeo wa nyuzi zake za msuli, kisha kompyuta ikakokotoa jinsi kila kipande kinavyovuta na kuvutwa na jirani zake.

Modeli bila picha ni dhana, na picha bila hesabu ni maoni ya anayeitazama. Aliyeziunganisha kwa namna ya pekee alikuwa Mwafrika, Elias Zerhouni, mzaliwa wa Nedroma, Algeria, aliyekuwa Johns Hopkins huko Marekani. Mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kuchora mistari ya sumaku ndani ya nyama ya moyo wa mtu aliye hai. Moyo ukidunda, mistari inapinda pamoja na msuli, na kupinda kwake kunaweza kupimwa. Ndipo ilipopimika vizuri kwamba moyo haubani kwa kujiminya tu. Sehemu ya juu huzunguka upande mmoja na ncha upande mwingine, kama nguo inavyokamuliwa, huku msuli wa chumba cha kushoto ukifupika kwa karibu moja ya tano ya urefu wake.

Kufupika huko siku hizi hupimwa hata kwa eko. Programu hufuata vidoa vidogo vya picha kutoka fremu moja hadi nyingine, ikihesabu kila kipande cha ukuta kimesogea kiasi gani na kwa wakati gani. Kipande kinachochelewa, kinachosimama, au kinachovimba kama cha mbwa wa 1935, hujitokeza kwa namba. Faida yake ni kuona mapema: kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo kinaweza kuonekana cha kawaida wakati kufupika kwa msuli kumekwisha kupungua.

Njia ya misafara yageuka njia ya wagonjwa

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya wapagazi. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili au tatu, lakini mwelekeo wa mahitaji haukubadilika. Kilichohitaji utaalamu kilishuka pwani. Kwa miongo mingi hata pwani haikutosha, na Watanzania waliohitaji upasuaji wa moyo walipelekwa nje, wengi wao India. Mwaka 2008 Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza upasuaji wa kufungua kifua, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikawa taasisi inayojitegemea, katika jengo lililopatikana kwa msaada wa China, ikiongozwa na Profesa Mohamed Janabi. Kwa mgonjwa wa Itetemia, India iligeuka Dar es Salaam. Ni hatua kubwa, na bado ni kilomita zipatazo 840 kwa reli.

Anayefika huko ni nani? Utafiti uliofanywa Muhimbili na Abel Makubi na wenzake, na kuchapishwa 2014, uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao moyo ulikuwa umeshindwa kufanya kazi. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55. Ulaya, wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida wamevuka 70. Kwa asilimia 45 chanzo kilikuwa shinikizo la damu, asilimia 28 magonjwa ya msuli wenyewe wa moyo, na asilimia 12 homa ya rumatiki. Mishipa iliyoziba, ambayo Ulaya na Marekani ndiyo inayoongoza, ilikuwa asilimia 9 tu.

Mioyo hii, basi, inakwenda vibaya kwa namna zake. Tofauti hiyo imeonekana wazi zaidi pale kifaa kilipotoka hospitalini. Huko Inharrime, Msumbiji, Ana Olga Mocumbi na wenzake walibeba eko hadi vijijini na kuwapima watu 1,063 waliochaguliwa bila kujali kama wanaumwa. Matokeo yao, yaliyotoka 2008, yalionyesha kwamba 211 walikuwa na ugonjwa ule ule wa Davies, karibu mmoja katika kila watano, na kati yao 48 tu ndio waliokuwa na dalili. Miaka 60 baada ya Mulago, kovu lililokuwa likionekana kwa maiti lilionekana kwa watu waliokwenda shambani asubuhi ile.

Uganda ikafuata na swali gumu zaidi: ukiuona ugonjwa mapema, unaweza kuuzuia? Kaskazini mwa nchi hiyo watoto na vijana 102,200 walipimwa kwa eko kutafuta dalili za rumatiki ambazo bado hazijaumiza. Waliothibitika na kukubali, 818, waligawanywa kwa kura: nusu wapate sindano ya penisilini kila mwezi, nusu wasipate. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa, na asilimia 0.8 ya waliochomwa. Matokeo yalichapishwa 2022. Sindano hiyo ni ya bei nafuu. Kazi ngumu ni kuwapata watoto wenyewe, maana upimaji huo ulitaka macho ya mabingwa, na mabingwa ni wachache.

Nani kaifundisha mashine?

Hapo ndipo kompyuta inapoitwa. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walitangaza programu ya akili mnemba iliyofunzwa na kujaribiwa kwa video 10,030 za eko. Inachora mpaka wa chumba cha kushoto katika kila fremu, pigo kwa pigo, na kukadiria kiasi cha damu kinachosukumwa, kwa uthabiti unaokaribia wa mabingwa. Johns Hopkins, Natalia Trayanova na kundi lake hujenga ndani ya kompyuta moyo wa mgonjwa mmoja mmoja kutokana na picha zake za MRI, kisha huujaribu moyo huo wa namba ili wajue umeme unapotea wapi kabla hawajamgusa mwenyewe. Sasa yawezekana picha ipigwe Kitete, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Tabora, na msomaji wake awe popote, mtu au mashine. Mgonjwa habebwi, kinachosafiri ni picha.

Lakini video zile 10,030 zilikuwa za wagonjwa wa Stanford. Mashine ya namna hiyo haina elimu nje ya ilichoonyeshwa. Imekiona chumba cha kushoto kilichochoka kwa uzee mara maelfu, na ncha iliyojaa kovu la Davies huenda haijaiona hata mara moja. Kipimo inachokitoa, damu inayosukumwa, ndicho hasa ambacho ugonjwa huo unaweza kukiacha karibu na kawaida. Mgonjwa mwenye tumbo lililojaa maji angeambiwa kwa ujasiri wote wa namba kwamba moyo wake hauna neno. Watafiti waliokwisha kuanza kuzifundisha kompyuta kuitambua valvu ya rumatiki wamelazimika kutumia picha za watoto wa Uganda, kwa sababu Marekani watoto wa namna hiyo hawapatikani kwa wingi.

Hilo linaigeuza historia nzima ya kipimo hiki. Mwaka 1953 jicho lilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa rumatiki wa Ulaya, likahama na matatizo ya Ulaya. Ili lirudi kwenye kazi iliyolizaa, hospitali za Afrika Mashariki zina kazi ambayo haihitaji kusubiri mashine ya bei kubwa: kuzihifadhi video za eko badala ya kuandika jibu na kufuta, kuambatanisha na kila video kilichothibitika baadaye, kumwomba mgonjwa ridhaa na kuificha siri yake, na kuhakikisha wataalamu wa Muhimbili, Mulago na Maputo wana kauli juu ya nani anazitumia. Picha za mioyo ya Tabora, kaskazini mwa Uganda na Inharrime ziingie kwenye hesabu kwanza, ndipo hesabu hiyo ipewe ruhusa ya kumwambia mtu wa Itetemia kwamba hana haja ya kupanda treni.